Mwili Haukukataa Chuma



Miezi michache iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha kidato cha tatu, ambaye sasa anasomea uhandisi wa vifaa vya tiba, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na kujuliana hali, alinisomea kwa Kiingereza kichwa cha somo linalomshughulisha siku hizi, kisha akacheka. "Mwalimu, ulikuwa ukituambia kwamba Kiswahili hakishindwi. Haya, hili nalo liseme." Nikafikiri kidogo, nikamjibu: maunzi mseto yenye kuua bakteria, kwa matumizi ya tiba. Nilijiona nimeshinda. Yeye akaniuliza, kwa adabu zote, swali lililoninyima usingizi: "Sawa, mwalimu. Sasa mgonjwa mwenye vyuma mguuni akisikia hivyo, atajua nini ambacho hakukijua?"

Kijana hakujua kwamba mgonjwa wa namna hiyo ninaye nyumbani. Hakujua pia kwamba swali lake limeigusa ajali ambayo lugha ilikuwa na mkono ndani yake. Makala haya ni jibu langu kwake, lililochelewa. Nayaandika pia kuwapinga watu wa aina mbili ambao hugombana kila siku katika kurasa zetu ilhali kosa lao ni moja.

Wa kwanza ni wale wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya nyimbo, hotuba na mapenzi, na kwamba sayansi iachiwe Kiingereza. Wa pili ni wale wasemao kwamba Kiswahili kinaweza yote, ila tusubiri istilahi. Istilahi zikishaundwa, zikajadiliwa, zikasanifishwa na kuchapishwa, hapo ndipo tutakapoanza kusema. Nakiri kwamba kwa miaka mingi darasani nilikuwa mfuasi wa kundi la pili. Niliwakaririsha wanafunzi orodha za istilahi kama mtu ahesabuye shanga, nikaamini kwamba nawajengea lugha ya sayansi. Makundi yote mawili huiona lugha kuwa gunia la nomino: la kwanza husema gunia ni tupu, la pili husema litajazwa. Lakini maana haikai ndani ya nomino peke yake. Maana hukaa katika sentensi, na mhimili wa sentensi ni kiima na kiarifu: nani ametenda nini. Dai langu ni hili: katika mambo ya vijidudu, dawa na vyuma vya tiba, Kiswahili chetu hakijapungukiwa na istilahi kwa kiasi cha kutudhuru. Kinachotudhuru ni sentensi zenye kiima kisicho chake, ambazo wenye elimu wanazisikia na kuziacha zipite.

Nitaanza na sentensi ya kwanza, iliyomgharimu mdogo wangu.

Mdogo wangu alivunjika mfupa wa goko katika ajali ya bodaboda. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa bamba la chuma na skrubu, akarudi nyumbani akiwa na matumaini. Baada ya miezi kadhaa kovu lilianza kuvimba, likapasuka, likatoa usaha. Alirudi hospitalini, akapewa dawa na tarehe ya kurudi. Akiwa kwenye foleni, mhudumu mmoja alimwambia kwa huruma: "Pole, baba. Mwili wako umekataa chuma." Sentensi hiyo ina maneno manne mepesi, yote ya Kiswahili, hata mtoto wa chekechea anayaelewa. Mdogo wangu alirudi nyumbani akailalia. Akawaza: kama mwili wangu ndio uliokataa, dawa itaubembelezaje? Akaacha vidonge katikati. Akatafuta mtaalamu wa kuusihi mwili ukubali, na wataalamu wa namna hiyo hawakosekani mitaani. Aliporudi kwa daktari, usaha ulikuwa umeingia mfupani. Vyuma vilitolewa, mfupa ukakwanguliwa, naye akalazwa kwa wiki nyingi. Leo anatembea, ila mguu mmoja ni mfupi na fimbo haimwachi.

Simlaumu mhudumu yule. Alisema kama tunavyosema sote, na hata mimi, mwalimu wa sarufi, niliporudishiwa maneno hayo niliyapokea nikaitikia, "Ndivyo inavyotokea." Niliisikiliza sentensi nikakiona kiima chake, wala sikukiuliza swali.

Tuiulize sasa. Je, mwili hukataa? Ndiyo, upo wakati hukataa kwelikweli. Mtu akipandikizwa figo ya mwingine, kinga ya mwili wake huitambua figo ile kuwa ngeni na kuishambulia, ndiyo maana hupewa dawa za kuituliza kinga. Hapo kitenzi "kukataa" kiko nyumbani kwake. Lakini chuma cha tiba, hasa titaniamu, hakikataliwi hivyo. Seli za mfupa huweza kukua zikagusana nacho na kukishika. Wapo watu wachache ambao madini fulani, kama nikeli, huwaletea mzio, na hao wana habari yao. Usaha utokao katika kidonda cha upasuaji miezi kadhaa baadaye, mara nyingi sana, si habari ya mwili kukataa. Ni habari ya bakteria kukaa.

Bakteria wachache hufika juu ya chuma wakati wa upasuaji, au baadaye kupitia kidonda au damu. Chuma hakina damu ndani yake, hakina askari wa kinga, hakina uhai. Kwa bakteria ni kama mwamba usio na mwenyewe. Wakishatua hujishikiza, huzaana, kisha hujifunika kwa ute wanaoutengeneza wenyewe. Ute huo na wakazi wake ndio tunaoweza kuuita utando, na kila aliyepata kukanyaga jiwe lenye utelezi mtoni anaufahamu bila kamusi. Ndani ya utando bakteria huwa wagumu kuuawa kuliko wanapoelea peke yao, kwa kuwa dawa hupenya kwa shida na wengi wao hupunguza kasi ya maisha, ilhali dawa nyingi huwapata vizuri wale wanaokua. Mwaka 1987 daktari Anthony Gristina wa Marekani alilieleza tukio hili kuwa ni mbio za kuuwania uso wa kifaa: upande mmoja seli za mwili, upande wa pili bakteria. Atakayefika kwanza na kutulia ndiye atakayemiliki.

Ona jinsi sentensi inavyobadilika. "Bakteria wametua juu ya chuma wakajenga utando." Kiima kimebadilika, na pamoja nacho wajibu wa msikilizaji. Akiambiwa kwamba mwili umekataa, mgonjwa hujiona mkosaji au mwenye nuksi. Akiambiwa kwamba bakteria wamejenga, hujua kwamba yupo adui wa kuondolewa, kwamba dawa zina kazi yao na kipimo chake, na kwamba pengine chuma kitatolewa kwa sababu kimegeuka kuwa nyumba ya adui, si kwa sababu mwili una kiburi. Sentensi hii haikuhitaji kikao cha istilahi. Ilihitaji mtu mmoja aliyeijua habari na akaona aibu kuiacha isemwe vibaya.

Sentensi ya pili ni ndugu wa ile ya kwanza: "Mwili wangu umezoea dawa." Kwa maneno haya watu hubadili dawa kama wabadilivyo shati, na wengine huacha kumaliza dozi ili "mwili usizoee". Hapa tena mwili umepewa kesi isiyo yake, maana kinachoishinda dawa ni bakteria. Katika kundi lao, wachache huwa na hitilafu ya kurithi inayowawezesha kuihimili dawa. Dawa inapowaua wale dhaifu, hao wachache hubaki na uwanja mpana wa kuzaana, na wengine huweza hata kuwagawia jirani zao uwezo huo. Mwili wa mgonjwa haukuzoea chochote. Bakteria sugu wanaweza kutoka kwa mtu aliyekunywa dawa ovyo wakamwingia mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja kidonge. Kama ni mwili unaozoea, mtoto huyo amezoea lini?

Neno "sugu" lenyewe ni zuri, nalo lina hatari yake. Asili yake imo katika kusugua: sugu ni ngozi iliyokakamaa kiganjani mwa mshika jembe. Picha hiyo inatufundisha kwamba kinachoguswaguswa bila kumalizwa hukakamaa. Lakini inatudanganya pia, kwa kuwa sugu huota katika mwili wa mtu mmoja, kwa mazoea, ilhali usugu wa bakteria ni habari ya vizazi: dhaifu hufa, imara huzaa. Tunaposema kwa mkato "usugu wa dawa", msikilizaji hawezi kujua nani amekuwa sugu, kama ni dawa, mgonjwa au ugonjwa. Kireno "wa" kimebeba mzigo usiobebeka. Wataalamu wa afya wa Tanzania wameunda maneno marefu zaidi, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kuyafupisha UVIDA. Washairi wamezoea kuyacheka maneno ya namna hiyo kwa urefu wake. Mimi nayatetea. Yamemtaja mwenye usugu na yametaja anachokihimili. Bora urefu wenye kiima kuliko ufupi wenye kesi ya kusingizia.

Jambo hili si la mapambo. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, Desemba 1945, kwamba mtu asiyejua anaweza kujipa dozi ndogo mno na kuwafunza vijidudu kuihimili dawa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na kwamba mzigo mzito zaidi uliangukia Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara, hususan magharibi yake. Katika nchi zetu kidonge cha rangi mbili hununuliwa vinne vinne dukani kutibu kikohozi, kuhara na huzuni. Muuzaji na mnunuzi huzungumza Kiswahili. Onyo la Fleming limebaki katika lugha ambayo hakuna kati yao anayeitumia kufanyia biashara.

Wapo watakaoniuliza: mbona mwalimu mzima unasema "bakteria", ilhali tuna "vijidudu"? Nalipenda neno vijidudu, na katika mazungumzo halina ubaya. Lakini limewakusanya bakteria, virusi na kuvu katika kapu moja, na kapu hilo linaua. Virusi vya mafua haviuawi na dawa ya bakteria. Asiye na maneno mawili hatakuwa na dawa mbili. Mahali ambapo tofauti ya neno ni tofauti ya tiba, nitakopa bila kuona haya, kama babu zetu walivyokopa "dawa" yenyewe kutoka Kiarabu na hakuna aliyewauliza.

Sasa narudi kwa kijana wangu na maunzi yake, maana nimemwahidi jibu.

Kama kisa chote ni mbio za kuuwania uso wa kifaa, basi swali la wahandisi ni hili: tutaufanyaje uso huo uwapendelee wenyeji na kuwafukuza wavamizi? Chuma kitupu hakijui kubagua. Dawa peke yake huyeyuka ikaondoka. Madini ya fedha, naam, hii fedha ya bangili wala si ya mfukoni, yanajulikana siku nyingi kuwa yanaua bakteria. Katika miaka ya 1880 daktari Carl Credé wa Ujerumani aliwatia watoto wachanga matone ya chumvi ya fedha machoni kuwakinga na upofu utokanao na maambukizi ya wakati wa kuzaliwa. Lakini fedha ikizidi hudhuru hata seli zetu wenyewe. Kila kitu kikiwa peke yake kina fadhila na kasoro, na hapo ndipo mseto unapoingia.

Mseto kila mmoja wetu ameula. Mchele na choroko huwekwa katika chungu kimoja. Mchele haugeuki choroko wala choroko haigeuki mchele, lakini kilichopakuliwa hakiitwi kimojawapo. Kijana mmoja wa lugha aliniambia kwamba neno hilo ni la jikoni mno, akapendekeza "chotara". Nakataa. Chotara ni mzaliwa, ana baba na mama ambao hawaonekani tena ndani yake kila mmoja kwa nafasi yake. Katika maunzi haya kila kiambato hubaki na kazi yake. Tena neno mseto limekwisha kuingia hospitalini kwa mlango wa mbele: mama yeyote wa Tanzania anaijua dawa mseto ya malaria, na sababu mojawapo ya mseto huo ni hii hii ya kuuchelewesha usugu. Wataalamu huyagawa maunzi haya makundi mawili, yale ambayo viambato vyake vimeshikana kwa mvuto dhaifu na yale vilivyofungamana kwa kifungo imara cha kikemia. Tukitaka maneno, ya kwanza ni mseto uliochanganywa na ya pili ni mseto uliofungamana. Sijaunda kitu hapo, nimesema tu.

Wala mseto si jambo geni kwa maumbile. Mfupa wenyewe ni mseto: nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na kati yake chembe za madini ya kalsiamu na fosfeti. Ondoa madini, mfupa utapinda kama mpira. Ondoa kolajeni, utavunjika kama chaki. Upande wa ndani wa ganda la chaza, ule ung'aao, ni vibamba vya madini ya chokaa vilivyogandishwa kwa protini kidogo sana, nao ni mgumu kuvunjika kuliko chokaa tupu kwa mbali. Nyumba ya udongo na fito hufuata hekima hiyo hiyo, ila kwa kipimo kikubwa: fito huzuia udongo usipasuke, udongo huzuia fito zisiyumbe. Tofauti ni kwamba wahandisi wa leo husetesha vitu kwa kipimo cha nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, ilhali bakteria wa kawaida ana urefu wa nanomita elfu moja hadi mbili hivi. Wanajenga nyumba ambayo fito zake ni ndogo kuliko bakteria.

Chukua maganda ya kamba na kaa, yale tunayoyatupa ufukweni yakanuka. Ndani yake mna kitu kiitwacho kitini, ambacho kikichakatwa hutoa kitosani. Kitosani, katika hali ya uchachu kidogo, hubeba chaji chanya. Ngozi ya bakteria ina chaji hasi. Viwili hivyo huvutana, na ngozi ya bakteria huharibika ikavuja. Sasa pachika chembechembe za fedha ndani ya kitosani. Kitosani huzishika zisitawanyike ovyo, nazo huachia ioni kidogo kidogo, ambazo huzishika protini za bakteria na kuzizuia zisifanye kazi. Au chukua madini yanayofanana na ya mfupa, yatie fedha kidogo, yapake juu ya titaniamu: seli za mfupa hukuta udongo wa kwao, bakteria hukuta sumu. Katika kila sentensi niliyoandika hapa, ndugu msomaji, mtenda anaonekana.

Zipo pia njia zilizotangulia ambazo tayari ziko hospitalini. Katika miaka ya 1960 John Charnley wa Uingereza aliistawisha nyonga ya bandia iliyoshikizwa kwa saruji ya plastiki. Mwaka 1970 Buchholz na mwenzake huko Ujerumani walieleza namna walivyoichanganya saruji hiyo na dawa ya jentamisini ili iachiliwe polepole palepale penye hatari. Bandeji zenye fedha hufungwa kwenye vidonda vya moto, na ipo mirija ya kuingizwa mishipani iliyotiwa dawa. Na maumbile yametupa somo jingine: mwaka 2012 watafiti huko Australia walionyesha kwamba bawa la aina moja ya nyenje lina vijiti vidogo mno ambavyo huipasua ngozi ya bakteria fulani akitua, bila sumu yoyote. Mdudu tunayemlaani kwa kelele za mchana ana silaha ambayo maabara zinajitahidi kuiiga.

Hapa Kiswahili hakikopi kitu, kinakopesha. Mambo ambayo yote hutangazwa kwa kivumishi kimoja chenye maana ya "dhidi ya bakteria", sisi tuna vitenzi vya kuyatenganisha: kuna uso unao*ua*, kuna uso unao*dumaza*, na kuna uso unao*telezesha* bakteria wasitue. Mnunuzi wa hospitali aambiwaye kwamba kifaa "kinazuia bakteria" ana haki ya kuuliza: kinawaua, kinawadumaza au kinawatelezesha? Kwa muda gani? Kikiisha dawa kinabaki nini? Kitenzi kikitajwa, tangazo la biashara hubanwa lisiseme zaidi ya linachokijua.

Na kwa kuwa nalaumu sentensi za uongo, sitatunga nyingine. Maunzi mengi ya namna hii bado yako maabara, na njia kutoka bakuli la maabara hadi goko la mtu ni ndefu. Fedha nayo si muujiza. Mwaka 1975 iliripotiwa kutoka wodi ya majeruhi wa moto nchini Marekani kwamba walipatikana bakteria wenye uwezo wa kuihimili fedha yenyewe. Adui huyu hujifunza vizazi kwa vizazi, na hakuna mseto utakaotuondolea wajibu wa kunawa mikono na kumaliza dozi.

Najua nitakavyojibiwa. Wenye istilahi watasema, "Mwalimu amezeeka, anadharau kazi ya mabaraza." Sidharau. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hizo nilizitumia na nazishukuru. Mtaalamu azungumzapo na mtaalamu anahitaji neno moja lenye maana moja. Ninachokataa ni kuigeuza istilahi kuwa kizuizi cha barabarani: hakuna kupita mpaka neno lipatikane. Neno huja likifuata msemo. Watu walisema kwanza "dawa hii imechanganywa na ile", kisha mseto ukakaa. Wenye Kiingereza nao watasema kwamba mgonjwa hahitaji kujua haya yote, anahitaji kupona tu. Nawajibu kwamba mdogo wangu hakuomba kujua haya yote. Alihitaji sentensi moja ya kweli, akapewa sentensi moja ya uongo, na tofauti ya sentensi hizo ameibeba mguuni.

Kwenu washairi nina neno la mwisho. Kwa miaka sasa tumegombana katika kurasa hizi kuhusu vina na mizani, na nimekuwa mgomvi kuliko wengi. Tunamkemea kijana kwa kuzidisha mizani moja, kisha twakubali beti za afya zenye kusema kwamba "mwili umechoka dawa", kwa kuwa mizani imetimia. Ni ustadi gani huo, kuhesabu silabi na kutohesabu watenda? Yeyote atakayeleta shairi la ugonjwa na tiba, na aulizwe kwanza: nani ametenda nini? Nanyi wasomi wa tiba na uhandisi, kabla ya kulipeleka andiko lenu ng'ambo, liketini na mama zenu muwasimulie kwa Kiswahili mnachokifanya. Mkishindwa, msiisingizie lugha. Pengine ni kwamba hamjakielewa wenyewe.

Nilimpigia kijana wangu nikamsomea maelezo haya ya kitosani na fedha. Alinisahihisha mahali pawili, kwa Kiswahili, bila kugundua kwamba anazungumza Kiswahili. Kisha nikamsomea mdogo wangu. Alisikiliza, akaitazama fimbo yake, akasema: "Kumbe haukuwa mwili wangu." Miaka yote hiyo alikuwa ameukasirikia mwili wake.

Kwa ajili yake nimetunga ubeti huu mmoja, nao wahakiki wapime:

Mwili haukukataa, chuma hakina ubaya,
Vimelea vyatambaa, vyaijenga yao kaya,
Dozi nusu ukitwaa, hubaki vilo vibaya,
Mtajeni mkosaji, msiuonee mwili.